Namna Walivyochukua Karakana Yangu

Ninyi muliobaki pale shuleni kilimani, walimu, mupishi, sentineli wa mulangoni, na vijana wawili wanaotumia nyundo zangu chini ya mabati nyuma ya jiko, maneno haya ni yenu. Siku ya kuniaga, Sista Honorata, direkta wa shule, alinipa nafasi ya kusema. Nikasema "asante," nikakaa. Mukacheka, mukafikiri ni haya. Haya yangu ilikufa zamani. Nilikuwa na mengi ya kusema, na mengi yake hayakufaa mbele ya keki.

Habari ya mishahara siandiki. Munaijua na inachosha. Vyeo pia hapana. Nilikuwa na kimoja tu, fundi, kuanzia siku ya kwanza mupaka ya mwisho. Nitaandika juu ya karakana yangu, ile munayoiita leo Darasa la Ziwa: namna niliipata, namna ilichukuliwa, na nani aliichukua. Na mujue mapema kwamba mimi ni muntu wa wivu. Padri ameniambia mara nyingi niuache. Nikamuuliza, nikiuacha, nitafanya kazi kwa nguvu gani? Wengine wanaamushwa na jogoo. Mimi ninaamushwa na muntu mwingine aliyepata.

Wivu wa kwanza niliupata dirishani. Nilisoma pale pale shuleni kwenu, mupaka darasa la tatu. Baba alikuwa mubeba mizigo bandarini, akaumia mugongo, na kuanzia pale direkta wa wakati ule alikuwa anasimama kila asubuhi baada ya bendera, anataja majina ya wasiolipa minerval, ada ya shule, na sisi tunatoka mustarini mbele ya wenzetu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilizunguka nyuma ya jengo, nikapanda juu ya tofali, nikaangalia ndani. Rafiki yangu Banza alikuwa amekaa fasi yangu, amenyoosha viwiko pande zote mbili kama muntu aliyerithi shamba. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni hesabu za kugawa. Mimi nilikuwa nimeishia kuzidisha. Kugawa sikufika. Mukitaka kujua kwa nini muzee wenu alikuwa anakasirika akiambiwa agawe misumari sawasawa kwa mafundi, njo sababu hii.

Baba akanipeleka kwa Papa Kalunga, fundi wa mashua upande wa bandari. Muzee mufupi, mwenye meno machache na maneno machache zaidi. Siku ya kwanza alinipa ubao wa mulombwa, akasema, "Uangalie." Akaenda. Akarudi.

"Umeona nini?"

"Ubao, Papa."

"Uangalie tena."

Mupaka saa ya kula nilikuwa nimekaa na ubao ule kama muntu anayelinda mugonjwa. Mwishowe nikamuambia: hapa kuna jicho la muti, hapa nyuzi zinapinda, maji yataingia hapa. Akasema, "Bon. Sasa kamata fagio."

Kwake nilijifunza tezo, patasi na rabo, ile watu wa Kigoma wanaita randa. Nilijifunza kuziba nyufa kwa pamba na lami, na kupiga pamba ile polepole, kwa sababu ukipiga kwa hasira unaufungua ufa badala ya kuufunga. Kulikuwa na mwenzangu mumoja, Mulongo, tuliyeanza pamoja. Muzee alimupa yeye tezo mbele yangu. Mimi nikabaki na fagio. Nilianza kuangalia mikono ya Mulongo tu, namna anavyosimama, namna anavyoacha chuma kianguke kwa uzito wake chenyewe. Tezo ilipofika mukononi mwangu, nilikuwa nimeshaitumia kichwani kwa muda murefu. Nilimupita Mulongo. Alihamia upande wa nyavu. Tunasalimiana vizuri.

Bandari ilipopoa na meli zikabaki zimefungwa na kutu, Sista Honorata alikuja kutafuta fundi. Wakati ule alikuwa kijana, mwembamba, anatembea kama kuna muntu anamufukuza. Akanionyesha rundo la madawati nyuma ya kapela. Dawati lililovunjika linasema habari zake, vijana, musiende mbio kulipiga musumari. Lililolegea mugongoni ni la watoto wakubwa wanaojisukuma nyuma. Lililokatwakatwa kwa wembe ni la mutoto asiyeelewa somo. Lililooza miguu, njo kosa la anayeosha darasa bila kuinua dawati. Nikamuambia Sista haya yote, akacheka, akasema, "Basi wewe pia ni mwalimu."

Neno lile nililiweka. Alinipa ghala la zamani la saruji, lenye madirisha makubwa upande wa ziwa. Likawa karakana.

Kila siku watoto wakitoka rekreasio, saa ya kupumuzika, Sista alikuwa ananiita verandani kwake: "Fundi, chai!" Kiti chake kilikuwa na mikono miwili. Changu kilikuwa na mumoja. Ningeweza kukirudishia mukono wa pili kwa kazi ya asubuhi moja. Nilikiacha vile makusudi, ili mugeni asipewe kamwe. Pale tulizungumza habari zote za shule: mwalimu anayelewa, paa linalovuja, mutoto anayeficha njaa. Mimi niliyetolewa darasa la tatu, direkta wa shule alikuwa ananiuliza, "Wewe unaonaje?" Hiyo haikuandikwa kwenye kontra yoyote ya kazi. Kwangu njo ilikuwa mushahara.

Sasa desturi ya mbao. Walimu vijana hawaijui vizuri, na bila hiyo hamutaelewa kitu. Mbao za shule hazikutosha hata siku moja. Kwa hiyo muzazi aliyetaka mutoto wake akae juu ya dawati alikuwa analeta ubao wake. Mimi naukata, naupiga rabo, naugongomea, na chini yake nachonga jina la nyumba kwa patasi: kwa Ilunga, kwa Mama Esperansi. Asiye na ubao anakaa nyuma, chini, juu ya tofali au juu ya sandali zake. Hakuna aliyefikiri ni ubaya. Watu walisema njo haki yenyewe: umeleta, umekaa. Na mutoto hakai juu ya ubao wa nyumba nyingine bila kuitwa, sawa vile hanyooshi mukono kwenye sahani ya jirani.

Halafu ziwa likapanda. Mitaa ya chini iliingia majini, na wavuvi waliotoka kaskazini, upande wa Fizi, wakapanda kilimani na nyavu na sufuria. Watoto wao wakaja shuleni. Mbao gani wangeleta? Milango yao ilikuwa inaelea. Nyuma ya darasa kukajaa watoto, wakakaa chini wiki kadhaa, kisha mumoja mumoja wakapotea.

Njo wakati ule iniversite ya Kikatoliki ilikuja. Walikuwa wamepatana na shule za mission kufanya kazi pamoja: wanafunzi wao wanaojifunza ualimu watakuja kufundisha kwetu, maprofesa watakuja kukaa na madirekta, na wote watatafuta kwa nini watoto maskini wanabaki nje. Mukutano ulifanyika ukumbi wa parokia. Walikuja madirekta kutoka Kongolo, Ankoro, na yule wa Kiambi aliyefika na vumbi mupaka kwenye nyusi. Mimi niliitwa kupanga viti.

Profesa mumoja munene, mwenye sauti nzuri, alisema Kifaransa mupaka mupishi akaanza kusinzia. Nikasimama, kiti mukononi.

"Profesa, samahani. Hiyo haki ya watoto maskini, haiko kwa Kiswahili?"

Ukumbi ukacheka. Sista akanitazama na jicho lile munalolijua. Profesa naye akacheka, akaanza tena kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na alisema vizuri sana. Hilo lilinikera. Nilitaka ashindwe.

Wakafika kwa watoto wa ziwa. Direkta mumoja akasema, "Wazazi wao hawapendi masomo. Mutoto akishajua kukamata nyavu, basi." Vichwa vikakubali. Changu pia. Pale nyuma akainuka binti mumoja wa iniversite, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mumoja. Jina lake Mamzelle Georgette, anafundisha wale wanaojifunza ualimu.

"Samahani, Papa," akamuambia direkta. "Wakiwa darasani, wanakaa juu ya nini?"

Watu wakaanza kutafuta kalamu zao.

Asubuhi yake alikuja shuleni kwetu. Hakuenda biro, ofisini kwa Sista. Aliingia darasa la pili, akakaa chini kabisa, nyuma, na watoto wa ziwa, mupaka rekreasio. Kisha nikasikia, "Chai!" Nikapangusa mikono, nikapanda verandani. Mamzelle alikuwa amekaa kwenye kiti changu, sketi imejaa vumbi, kiwiko juu ya ule mukono mumoja, kama kiti kilichongwa kwa kipimo chake.

"Fundi," Sista akasema, "vuta kigoda kile, ukae nasi."

Kigoda!

"Nina gundi motoni, Sista," nikasema. Sikuwa na gundi wala moto.

Diploma zake hazikunisumbua. Watu wenye diploma nimewatengenezea vitanda, nawajua. Kilichonisumbua ni namna Sista alivyomusikiliza, ameinamisha kichwa upande mumoja. Kile kichwa kilikuwa kinainama kwa ajili yangu. Siku ile nilipiga rabo ubao muzima mupaka ukabaki kama karatasi.

Kwa mukutano wa walimu, Mamzelle alisema majina yaondolewe chini ya mbao na kila mutoto akae popote. Walimu wakakubali, Sista akakubali. Mimi niliambiwa tu. Nikageuza madawati, nikapiga rabo jina moja moja, yale niliyoyachonga mwenyewe. Vumbi lake nilifagia mwenyewe pia.

Asubuhi mwalimu akafungua mulango. "Kaeni munapotaka!" Watoto wa ziwa wakaingia na kusimama. Kati yao kulikuwa na binti anaitwa Riziki, murefu kupita wote wa darasa la pili, maana ziwa lilimulia mwaka wa masomo. Nilikuwa dirishani, nimebeba nyundo kama muntu mwenye kazi. Riziki akakaribia dawati, akaliinamia, akapitisha kidole.

"Huu ni wa kwa Mama Esperansi," akasema. "Una matundu ya bawaba. Ulikuwa mulango wao."

Akaenda nyuma, akakaa chini. Wenzake wakamufuata. Watoto waliozaliwa kati ya mashua, utawadanganya juu ya ubao? Unaondoa jina, jicho la muti linabaki, tundu la musumari linabaki. Mimi nilijua tangu nilipoambiwa. Sikuulizwa.

Muchana akafika Mama Esperansi mwenyewe, muuza samaki wa ndagala sokoni, na nyundo mukononi.

"Fundi! Ubao wangu uko wapi?"

"Uko palepale, Mama."

"Na jina?"

"Limeondoka."

"Limeondoka kwenda wapi, Kigoma?"

Mamzelle akatoka darasani. "Mama, samahani. Watoto wengine wanakaa chini."

"Na mimi nililala na pazia!" Mama Esperansi akapiga kelele. "Ule ni mulango wa nyumba yangu. Niliung'oa mwenyewe ili mutoto wangu akae vizuri. Mvua ilikuwa inaniingilia kitandani. Wewe binti, umeleta mulango gani?"

Mama akaingia, akang'oa ubao wake, akaubeba kichwani kama mukeka. Wengine wakasikia habari. Kabla wiki haijaisha, madawati mengi yalikuwa mifupa mitupu, na watoto wa kilimani wakakaa chini pamoja na wa ziwa. Usawa ulikuwa umefika, lakini kwa upande wa sakafu.

Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa. Nilikunywa maji baridi na nikaona yana utamu.

Nilingoja Mamzelle afunge sanduku arudi kwao. Badala yake asubuhi moja aliingia karakana, akakaa juu ya maranda. Hakuniomba samahani, wala hakujifanya amechoka.

"Papa Kitenge, kazi hii ulijifunza wapi?"

Nikamuambia habari za Papa Kalunga. Muntu akikuuliza juu ya fundi aliyekufundisha, utakataa namna gani? Nikasema mengi kuliko nilivyotaka. Alikuwa anasikiliza, kichwa kimeinama upande mumoja, na pale nikaelewa alijifunza hiyo kwa Sista. Akauliza:

"Ndani ya mashua, ubao huu ni wa nani na ule ni wa nani?"

"Mashua haina ubao wa muntu, Mamzelle. Utatoa wako uende nao wapi? Kila ubao unashikwa na ule wa juu na ule wa chini. Ukitoa wako, wote munazama, na wewe wa kwanza."

Akaangalia madawati yasiyo na mbao, yaliyopangwa mulangoni. Akasema polepole, "Basi yatengeneze vile."

Vijana, mimi nilikuwa na mashua mikononi tangu utoto. Nilikuwa na madawati mikononi nusu ya maisha yangu. Viwili hivyo vilikaa karakana moja na havikusalimiana hata siku moja, mupaka akaja binti asiyejua kushika nyundo. Ningepewa ruhusa ya kuiba kitu kimoja tu duniani, ningeiba sentensi ile kabla hajaisema.

Lakini wazo lilikuwa zuri, na mimi kazi nzuri siwezi kuikataa hata ikitoka kwa adui. Namna ya kulifanya njo hii, na muishike. Dawati refu la watoto wanne. Ubao wa kuandikia unatoka nyumba moja, wa kukalia unatoka nyumba nyingine, wa kukanyagia miguu unatoka ya tatu. Ubao mupana unaupasua, nusu unakwenda dawati lingine. Usitumie misumari, choma tundu, ingiza ulimi wa ubao, funga kwa kijiti cha muti mukavu, kitakachovimba wakati wa mvua na kukaza. Kila ubao ushike mwenzake. Na miguu? Wavuvi hawakuwa na mbao, lakini walikuwa na mashua zilizokufa, zimelala ufukweni. Mbavu zake zimepinda vizuri, ngumu, zimekunywa lami miaka mingi, maji ya kuosha darasa hayaziwezi. Wakazileta mabegani, baba na mama. Kila dawati likasimama juu ya mbavu za watu wa ziwa.

Wazazi wa kilimani waliombwa kurudisha mbao. Mama Esperansi alikuja wa mwisho. Akageuza dawati juu chini, akaligonga, akanusa.

"Wangu ni upi?"

"Hapa pa kuandikia. Na nusu iko kwenye lile lingine, pa kukalia."

"Nikiung'oa?"

"Dawati linaanguka lote. La wengine pia."

Akapitisha kidole juu ya matundu ya bawaba. "Mutoto wangu atakaa hapa?"

"Hapa. Na huyu." Nikamuonyesha Riziki.

Mama Esperansi akamuangalia binti yule kuanzia miguu mupaka kichwa. "Baba yako njo ameleta hii miguu yenye lami?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi fundi, muangalie asichafue uniforme ya mwanangu."

"Mwanao naye asinyooshe viwiko," Riziki akajibu.

Mama akacheka, akaenda sokoni. Hatukupata hotuba nyingine ya amani kupita hiyo, na ilitosha.

Madirekta wakaja kuangalia. Wa Kongolo akapima kwa metre, wa Ankoro akachora, na punde nikasikia kwamba kule Kiambi wanaliita "dawati la Mamzelle." Aliposikia, yeye mwenyewe akawasahihisha: "Hapana, ni la Papa Kitenge." Kila mara. Hiyo iliniuma zaidi. Muntu anayekuibia unaweza kumuchukia kwa raha. Huyu alininyima hata raha hiyo.

Sasa tumefika kwenye karakana. Watoto wengi wa ziwa walikuwa wakubwa kupita darasa lao, wengine hawakuja kabisa kwa aibu ya kukaa na wadogo. Iniversite na shule wakapatana kufungua darasa la kuwasaidia kuwafikia wenzao. Walimu watakuwa wanafunzi wa Mamzelle. Ilibaki nyumba ya kufundishia. Yenye paa zima na mwanga wa kutosha ilikuwa moja tu.

Sista alikuja mwenyewe. Alikuwa amezeeka, anashika ukuta akitembea. Alibeba vikombe viwili vya chai, akaniwekea kimoja juu ya meza ya kazi. Nikajua kuna ubaya.

"Fundi, tunahitaji nyumba hii."

"Na mimi?"

"Tutakuwekea mabati nyuma ya jiko. Na wewe unakaribia kupumuzika."

Nikaweka patasi chini. "Sista, mimi mulinitoa darasa la tatu. Leo munanitoa tena. Na munanitoa kwa ajili ya watoto ambao munawatafuta mupaka nyumbani kwao. Mimi nani alikuja kunitafuta?"

Nilifikiri atasema habari za Mungu. Alikaa juu ya rundo la mbao, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Hakuna," akasema. "Hakuna aliyekuja."

Akanisogezea kikombe changu. Kisha akasema, "Kunywa, inapoa."

Sikumujibu ndiyo. Siku iliyofuata nilishuka ufukweni kuchagua mbavu za mashua, na nikamukuta mwanafunzi mumoja wa Mamzelle, Prosper, kijana mwenye viatu vya kung'aa, anazunguka nyumba kwa nyumba kuita watoto. Alikuwa kwa baba yake Riziki. Yule Papa alikuwa anashona wavu, hakuinua macho.

"Akienda tena darasa lenu jipya, lile la muchana, nani atanishikia wavu?" akauliza.

Prosper akavua viatu vyake, akakaa muchangani, akashika upande wa pili wa wavu. Akaushika vibaya.

"Siyo vile, mwalimu. Uvute kwako."

"Hivi, Papa?"

"Bado. Hivi. Eh, iniversite haikufundishi kitu!"

Wakacheka, wakaendelea. Alikaa pale mupaka wavu ukakwisha, na mwishowe baba akasema, "Riziki, kesho uende." Mimi nilikuwa nimesimama na ubavu wa mashua begani, na roho inauma kama jino. Nilimukumbuka baba yangu amelala juu ya mukeka kwa sababu ya mugongo, uso umegeukia mulangoni. Alikuwa anangoja muntu. Wakati ule nilifikiri anangoja dawa.

Nikapanda kilimani, nikaanza kutengeneza madawati ya kujaza karakana yangu mwenyewe. Kila moja nililomaliza lilichukua fasi yangu ya kusimama. Niliyapanga kuanzia mulangoni, nikawa narudi nyuma, mupaka nikabaki mimi na meza ya kazi pale dirishani, upande wa ziwa. Niliwaonea wivu watoto wale kila siku, na nitasema kitu ambacho Padri hatakipenda: madawati yale ni bora kuliko yote niliyotengeneza. Nilisugua kila kona. Nilitaka niwe na sababu ya kuona wivu.

Vijana walipotoa meza ya kazi, palibaki fasi ya dawati moja. Nikalitengeneza la mwisho, refu kama mengine, lakini upande mumoja nikaupandisha juu, ili magoti marefu yapite chini. Riziki alikuwa amekuja kusaidia kufagia maranda.

"Papa, upande huu ni wa nani?"

"Wa muntu mukubwa."

"Mwalimu?"

"Mwalimu ana kiti."

"Basi nani?"

"Fagia, uache maswali."

Kisha mukaniaga, na keki.

Munajua kwamba sikukaa nyumbani sana. Mukinikuta naingia Darasa la Ziwa, nilikuwa nawaambia naenda kukagua viungo, maana mbao zinapumua mwaka wa kwanza. Ni kweli zinapumua. Mwanzo nilikuwa nakaa pale dirishani darasa likiwa tupu. Kisha siku moja sikuondoka kengele ilipopigwa. Watoto wakaingia, Riziki akakaa kando yangu upande wa chini, kama ni kawaida. Prosper akanitazama, akanitolea ubao mudogo na chaki. Hakusema kitu cha kuniaibisha. Angesema, ningetoka.

Nimekwenda hivyo siku nyingi sasa, na Mamzelle alipopita kutoka Kongolo aliniona kupitia dirishani. Alisimama nje, pale nilipokuwa nasimama mimi utotoni. Nilinyoosha viwiko vyangu pande zote mbili.

Jana tulifika kugawa. Prosper aliandika hesabu ubaoni, ndefu, yenye kubakiza. Niliona Sista amesimama mulangoni: "Fundi, chai. Kiti chako kiko wazi." Nikamuambia chai ingoje. Nilikuwa katikati ya hesabu, jasho linanitoka kama siku ya tezo ya kwanza. Nikainua kichwa kidogo, nikaona Riziki ameshaweka chaki chini, amefunika jibu lake kwa kiwiko.

"Papa," akaninong'oneza, "usiangalie kwangu."

Nilimaliza baada yake. Jibu langu lilikuwa sawa na lake, lakini yeye alinitangulia, na akatabasamu, na sikulala vizuri. Nimemuonea wivu Banza, Mulongo, Profesa na Mamzelle, lakini wote walikuwa mazoezi tu. Leo asubuhi nimechonga chaki yangu. Kesho nafika kabla ya kengele.